Simba Aliyetembea Juu ya Mshale

Mimi sikuwa na subira na mtu anayesifia Landrova mbele yangu. Landrova ni gari, sikatai, linapanda mlima na kuvuka korongo, lakini linakutikisa mpaka maini na figo hayajui tena yakae wapi. Foksi nayo, ile Volkswagen ya mgongo wa kobe, inasifiwa na watu wasio na mizigo. Gari ni Pijo. Nilikuwa nasema hivyo asubuhi na jioni pale stendi ya Singida, na wenzangu walikuwa wakinichokoza makusudi ili wanione nikichemka. Wakishanichemsha wanaondoka kabla sijamaliza maelezo yangu, na hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote. Hakuna hata mmoja aliyewahi kunisikiliza mpaka mwisho.

Pijo yenyewe haikuwa yangu. Ilikuwa ya baba yangu mdogo, Hussein, mwenye duka pale mjini, 404 ya rangi ya maziwa ambayo aliinunua ikiwa imekwishatembea sana. Mimi Mselemu nilikuwa dereva wake na fundi wake. Ufundi niliupata Dar es Salaam kwa Mgoa mmoja mzee aliyeipenda ile kampuni ya Wafaransa kama watu wanavyopenda ukoo wao. Kila tukikaa kula mchana alitusimulia habari zake toka enzi za mababu wa wenye kampuni, nami nikazishika zote. Mwaka huo wa 1975, Pasaka, redio ilitangaza kwamba Pijo imeshinda tena mashindano ya Safari, nikatembea kifua mbele kwa siku nyingi, utadhani mimi ndiye niliyekuwa nyuma ya usukani.

Mwezi wa sita, mavuno yakiwa ndani na upepo wa baridi umeanza, akaja dukani mwalimu wa shule ya msingi aitwaye Theodora. Alifundisha katika kijiji kipya cha ujamaa upande wa Ilongero. Alitaka gari la kumpeleka bibi yake, mama wa baba yake, kwenye hospitali moja ya misheni kule Iramba, kupita Kinampanda. Bibi alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Daktari wa macho alikuwa amekuja huko kwa muda mfupi tu, Jumamosi angeondoka, na hakuna aliyejua kama angerudi tena.

"Basi la abiria hataliweza," Theodora alisema. "Mgongo wake hauna nguvu."

"Basi umefika penyewe, mwalimu. Pijo ina springi ambazo..."

"Kesho asubuhi, kaka Mselemu," akanikata. "Usichelewe."

Kijiji chenyewe kilikuwa na umri wa mwaka mmoja hivi. Zamani watu wa huko waliishi mbalimbali, kila mtu na tembe lake na zizi lake katikati ya mtama wake. Ilipokuja Operesheni wakakusanywa na kupangwa mistari miwili iliyonyooka, milango ikitazamana na barabara ikipita katikati. Nilisimamisha gari mbele ya nyumba niliyoelekezwa, na watu wakaanza kutoka nje mmoja mmoja, maana gari dogo kusimama pale lilikuwa jambo la kutazamwa.

Bibi Marietha alitoka ameshikwa mkono na mjukuu wake. Alikuwa mwembamba, amejifunga khanga safi, rozari shingoni.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba, baba. Ndiwe unayenipeleka?"

"Ndimi."

"Sauti ni ya kijana. Nikirudi nitauona na uso." Akacheka kidogo. "Tangu waniweke hapa naishi na sauti tu. Asubuhi nasalimiwa, jioni nasalimiwa. Anayenisalimia sijui kama ananitazama usoni au anatazama chini. Nataka nijue kabla sijafa. Ndiyo maana nakwenda."

Niliona ni jambo la ajabu mtu kutaka macho kwa sababu hiyo, lakini sikuuliza. Bibi aliunyoosha mkono wake akaligusa gari, akalipapasa mlango, akaja taratibu kwenye boneti, nami nikawa namfuata nyuma nimejaa majivuno, maana nilikuwa nimeliosha alfajiri ile. Mkono ukafika kwenye pua ya gari. Ukasimama pale kwenye kile kialama cha chuma.

"Hiki nini? Kina mkia."

Theodora alinikodolea macho, mimi sikumwelewa. "Simba huyo, Bibi," nikasema. "Alama ya kampuni."

Aliuondoa mkono wake upesi, kama aliyegusa sufuria iliyo motoni. Akamwambia mjukuu wake maneno machache kwa Kinyaturu, akageuka, akapapasa ukuta mpaka mlangoni, akaingia ndani.

Mimi nikachemka. Nimelitoa gari mjini, nimeliosha, halafu linakataliwa kwa sababu ya alama yake. "Mwalimu, bibi yako anaogopa kipande cha chuma?"

Theodora alinivuta upande wa pili wa gari. "Umezisikia habari za watu-simba, wakati wa Mwingereza?"

Nani Singida hajazisikia? Miaka ile baada ya vita vikuu vya pili watu waliuawa mashambani, ikasemwa waliowaua si simba bali ni watu waliovaa ngozi za simba, na kwamba nyuma yao kuna watu wanaowatuma. Wengi walikamatwa, na wako walionyongwa. Mpaka leo kila mtu ana ukweli wake kuhusu mambo hayo, na wengi hawapendi kuyazungumza.

"Babu yangu Mughwai alikuwa mhunzi," Theodora alisema. "Kuna aliyesema alimwona alfajiri anatoka kwenye mtama amebeba kitu kimefungwa kwenye nguo. Wakasema ni ngozi ya simba. Wakampeleka rumande Dodoma, akafia humo kwa kuhara, kesi haijaisha. Hakuhukumiwa na hakuachiwa. Jina lake limebaki hivyohivyo mpaka leo."

"Na huyo aliyesema?"

Hakunyoosha kidole. Aliinua tu kidevu kuelekea nyumba iliyokuwa inatazamana na ya bibi yake. Pale kivulini alikaa mwanamke wa makamo akipepeta uwele kwenye ungo, na macho yake yalikuwa kwetu.

"Kristina, Mama Alute. Zamani tulikaa mbali naye, mlima mzima katikati. Operesheni imetuweka mlango kwa mlango."

Hapo nikaelewa, na hasira ikanishuka. Bibi Marietha hakuogopa chuma. Aliogopa kwamba mke wa Mughwai ataonekana anapanda gari la simba mbele ya mlango wa Kristina, na mstari mzima wa nyumba ukitazama. Lakini bila kupanda gari lile asingefika kwa daktari, na Jumamosi haikuwa mbali.

Nikajiona mjanja. Nikasema, kumbe dawa yake ni ndogo, bisibisi ninayo. Nikafungua boneti, nikalegeza skrubu kwa ndani, nikamtoa simba. Roho iliniuma, sitaficha. Pua ya gari ilibaki na matundu mawili, na Pijo yangu ikaonekana gari la hivihivi, la mtu yeyote. Nikamfunga simba kwenye kitambaa cha kufutia mikono, nikaenda mlangoni kwa Bibi nimeridhika na nafsi yangu.

"Bibi, nimemtoa. Nimemfunga kwenye kitambaa, nitamweka chini ya kiti. Hakuna atakayemwona. Twende zetu."

Nilisikia mkono wake ukipapasa ukuta. Kisha akaja mpaka kizingitini. Hakupandisha sauti, wala sura yake haikuonyesha ukali.

"Umemfunga kwenye nguo?"

"Ndiyo, Bibi."

"Hapa mbele ya nyumba yangu. Watu wanatazama?"

Niligeuka. Walikuwa wanatazama kweli, wengine wameshasogea mpaka barabarani, na hawakuwa wanalitazama gari. Walikuwa wanautazama mkono wangu.

"Ndivyo walivyosema juu ya Mughwai," Bibi alisema. "Kwamba alimfunga simba kwenye nguo. Leo gari limekuja na simba, likiondoka halina. Wataulizana amebaki wapi, na jibu watalipata wenyewe. Mrudishe, baba. Mrudishe mahali pake waone. Halafu nenda salama, mimi safari yangu imekwisha."

"Bibi, daktari anaondoka," Theodora alisema, na sauti yake ilikuwa imeshaanza kulia.

"Aende. Giza nimelizoea. Wewe ndiye utakayeishi na watu hawa, si mimi."

Niliona aibu kubwa. Nami nikiona aibu hukasirika, na nikikasirika mdomo wangu hauna breki. Nikarudi kwenye boneti, nikaanza kumfunga simba upya, huku natoa maneno kwa sauti ambayo hata wa nyumba ya nne angeisikia.

"Simba gani huyu wa kusingiziwa? Huyu hajala mtu. Wenye kampuni walikuwa wasaga nafaka, wana kinu chao kando ya mto. Wakakigeuza kiwanda cha chuma. Wakatengeneza misumeno, ndipo wakachora simba, kwamba msumeno wao una meno ya simba na unapinda kama mgongo wa simba bila kuvunjika. Simba wa msumeno huyu. Wakatengeneza mbavu za miavuli, wakatengeneza visagio vya kahawa vya kisanduku cha mbao, vina mpini juu na simba wa shaba kwa mbele, wakatengeneza baiskeli. Magari yalikuja mwisho kabisa. Lakini nani anasikiliza? Watu wanaona simba, wanakimbia..."

"Sema tena."

Bibi alikuwa bado amesimama pale mlangoni, uso umeelekea kwangu.

"Niseme nini, Bibi?"

"Kabla ya baiskeli. Ulisema nini?"

"Visagio vya kahawa."

"Vya mbao."

"Vya mbao. Unazungusha mpini, kahawa inashukia kwenye kimtoto cha kuvuta, kama cha meza, kule chini."

"Na simba."

"Na simba kwa mbele, Bibi."

"Huyo simba wa kisagio amekaaje? Amesimama kwa miguu miwili kama huyu wako?"

Swali lile halikuwahi kuulizwa na mtu yeyote pale stendi, hata wale waliojifanya wanajua magari. Jibu nilikuwa nalo toka kwa Mgoa wangu. "Hapana," nikasema. "Huyu wa kusimama ni wa siku hizi. Yule wa zamani anatembea kwa miguu yote minne, na anakanyaga mshale. Mshale ni ile kasi ya msumeno unapokata."

Bibi Marietha alishika mwimo wa mlango, akajishusha polepole, akakaa kwenye kizingiti.

"Mshale," alisema. "Theodora, wewe ulimwambia?"

"Sijamwambia kitu, Bibi. Mimi mwenyewe habari ya mshale ndiyo kwanza naisikia."

"Ndiyo, sikukuambia. Sikumwambia hata baba yako Antipasi." Akaanza kusema, na kwa jinsi alivyosema ilikuwa wazi kwamba maneno yalikuwa yamekaa tayari miaka yote ile. "Padre wetu wa wakati huo alikuwa Mfaransa. Asubuhi bila kahawa alikuwa mkali. Kisagio chake kikavunjika mpini, akamletea Mughwai, maana mhunzi alikuwa ni yeye. Akamwambia asikitie vumbi. Mughwai akakitengeneza, akakifunga kwenye khanga yangu, alfajiri akatoka akipitia kwenye mtama ili padre akipate kabla ya misa. Mimi ndiye niliyemfungia. Yule simba nilimshika kwa vidole vyangu, nikamwuliza Mughwai, huyu mbona anatembea juu ya mshale? Akasema mambo ya Wazungu."

"Na padre hakusema?" niliuliza.

"Walipokuja kumkamata Mughwai padre alikuwa amehamishwa, amerudi kwao na vitu vyake vyote. Aliyefuata alikunywa chai. Nikaitwa barazani. Nikasema, kile kilikuwa kisagio cha kahawa cha padre, na kina simba. Watu wakacheka. Mkalimani akamweleza Mzungu, Mzungu naye akacheka. Simba asage kahawa? Wakasema mke anamtetea mumewe mpaka anajichanganya. Tangu siku hiyo nilinyamaza. Miaka ikapita, mwisho na mimi nikaanza kufikiri labda niliota. Labda hakikuwa na simba. Labda hakukuwa na kisagio."

Theodora alikuwa amekaa chini pembeni yake, amemshika goti. Mimi nilikuwa na bisibisi mkononi, sijui niiweke wapi. Kwa mara ya kwanza nilihisi kwamba mambo niliyokuwa nayatoa kwa kelele pale stendi yalikuwa na mwenyewe.

"Niitie Kristina," Bibi alisema.

Theodora alivuka barabara. Niliwaona wanazungumza, niliona yule mama anakataa, kisha anauweka ungo chini na kujifuta mikono. Alikuja, akakaa kwenye jiwe mbele ya kizingiti. Watu waliokuwa barabarani nao wakasogea, hakuna aliyewafukuza.

"Mama Antipasi, umeniita."

"Nimekuita. Huyu kijana ni mtu wa mjini, hanijui na simjui, na Mughwai hakumjua. Nataka umsikilize." Akanigeuzia uso. "Sema, baba. Toka mwanzo mpaka mwisho, usiruke kitu."

Nilikuwa nimeyasubiri maneno hayo maisha yangu yote, na sasa yamekuja. Nikasimulia. Nikaanza na kile kinu cha nafaka kando ya mto, nikawataja ndugu wawili waliokigeuza kiwanda, nikaeleza walivyofua chuma na kukata misumeno, na jinsi sifa yao ilivyotoka kwenye misumeno ile, maana fundi akinunua mmoja hatafuti mwingine wa kampuni nyingine. Nikaeleza habari za simba na meno yake na mshale wake. Nikafika kwenye visagio, nikavieleza polepole, mbao yake, mpini wake, kimtoto chake. Sikutia chumvi. Nikaenda mpaka kwenye baiskeli, mpaka kwenye magari, mpaka simba aliposimama kwa miguu miwili na mshale ukaachwa. Hakuna aliyenikata.

Nilipomaliza Kristina aliuliza jambo moja tu. "Visagio hivyo umeviona kwa macho yako, au umesimuliwa?"

"Fundi wangu Mgoa alikuwa na kimoja nyumbani kwake, cha marehemu baba yake. Krismasi moja alituita, akanipa mimi nisage. Simba nilimgusa. Na mshale niliugusa kwa kidole."

Kristina aliinamisha kichwa. Upepo ulikuwa unavuta makapi ya uwele kutoka kwenye ungo wake kule ng'ambo, na hakwenda kuufunika.

"Nilikuwa binti mdogo," alisema mwishoni. "Nilikuwa nimeolewa mwaka ule ule, sina mtoto, nimetoka kuchota maji. Nilisema nimemwona Mughwai amebeba kitu kimefungwa kwenye khanga. Hilo ndilo nililosema, na lilikuwa kweli. Wakaniuliza, kitu chenyewe kina ukubwa gani? Nikawaonyesha hivi."

Akainua mikono yake miwili, akaiacha wazi mbele ya kifua. Nafasi iliyokuwa katikati ilikuwa ndogo, ya kisanduku cha kushika kwa viganja.

"Ngozi ya simba haiingii hapa," Kristina alisema. "Nilijua siku ile ile. Lakini walikuwa wameshaandika, na wazee walikuwa wananitazama, na mume wangu alikuwa ananitazama. Nikashusha mikono. Sikuiinua tena mpaka leo."

"Ameonyesha nini?" Bibi aliuliza. "Theodora, ameonyesha ukubwa gani?"

Theodora aliichukua mikono ya bibi yake akaipeleka mbele, akaiweka katikati ya mikono ya Kristina. Bibi alipapasa kiganja kimoja, akapapasa cha pili, akaipima ile nafasi kwa vidole vyake, huku na huku.

"Ndicho hicho," alisema. "Ndicho chenyewe."

Wakakaa hivyo wale mama wawili, mikono ndani ya mikono, na mimi machozi yalinitoka mbele za watu, sikujali. Barabarani mzee mmoja alivua kofia yake akaishika.

Baadaye Bibi aliuliza, "Baba, huyo simba wako amekaza?"

"Amekaza, Bibi."

"Haya. Jua linapanda."

Kristina ndiye aliyemshika mkono mpaka kwenye gari. Alipita naye mbele, palepale kwenye pua, taratibu, kila mtu akiona, akamfungulia mlango. Bibi alikaa kiti cha mbele. Njiani hakusema sana. Tulipokaribia Kinampanda aliniambia kwamba springi ni nzuri kweli, na hayo yalikuwa maneno yangu ya kutembelea mwaka mzima.

Daktari alimpasua jicho moja, akasema la pili litangoja siku nyingine. Nilikwenda kumchukua baada ya manesi kumfungua bandeji. Kabla sijaondoka mjini nilipitia nyuma ya duka kwa Fatu, mke wa baba mdogo, akanikaangia kahawa kidogo nikaiweka kwenye mfuko wa karatasi. Sikujua vizuri kwa nini naibeba. Niliona tu si vizuri kwenda mikono mitupu.

Bibi alitoka hospitalini amevaa miwani ya vioo vinene kama kitako cha chupa. Alinitazama usoni kwanza, muda mrefu, kama alivyoahidi, akasema nina masikio ya mtu mbishi. Kisha akazunguka mpaka mbele ya gari, akainama, akamtazama simba kwa karibu.

"Mdogo hivi?" alisema.

Kijijini tulikuta watu nje. Baadaye Theodora aliniambia kwamba katika zile siku Kristina alipita nyumba kwa nyumba, mstari wote wa huku na wote wa kule, akiinua mikono yake na kuwaonyesha ukubwa wa kile kitu, na wengine alirudi kwao mara ya pili. Bibi alishuka mwanzo wa kijiji akasema atatembea. Mimi nikamfuata nyuma kwa gari, gia ya kwanza, pole pole. Alisimama kila nyumba akasalimiana na watu, akiwatazama usoni mmoja mmoja kupitia ile miwani. Wako waliotazama chini. Hakuwaambia kitu, aliwapa mkono tu na kuendelea.

Mwisho akafika kwa Kristina. Wakatazamana.

"Mama Alute, umezeeka."

"Nimezeeka, Mama Antipasi."

"Mimi nilikuwa bado nakuona vile ulivyokuwa barazani, msichana. Miaka yote nilikuwa nagombana na msichana."

Nikautoa ule mfuko wa kahawa kwa haya, nikasema nimeleta kidogo tu. Bibi aliufungua, akanusa, akafumba macho yake nyuma ya vioo. Kisagio hakikuwapo, kwa hiyo Kristina alileta kinu chake na mchi, akaitwanga mwenyewe pale uani, naye Theodora akainjika maji. Bibi alikuwa anaichota kwa vidole kila mara na kusema bado, itwange tena, ya padre ilikuwa laini kuliko hii, na Kristina alikuwa anatwanga tena bila kujibu.

Ilipokuwa tayari tulimiminiwa kila mtu kikombe. Bibi Marietha alikinywa chake taratibu, akakunja uso, akanywa tena, akakitazama kikombe ndani.

"Chungu," alisema. "Mughwai hakuwahi kuionja."